Mama Deiwaka

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Elin, huko Aberdare, simu ya mama ililia kabla ya birika kuchemka. Hospitali ilikuwa ikitangaza zamu zilizokosa watu, na aliyewahi kubonyeza ndiye aliyepata. Mama yake, Nerys, alikuwa muuguzi msaidizi wa kibarua. Alichukua zamu za saa za shule tu, nyingine akaziacha zipite. Sababu ilikuwa Ifan, mdogo wake Elin, mwenye kisukari. Mtoto wa miaka saba hajui kujichoma sindano, na mwalimu wake aliweza kupiga simu wakati wowote.

Elin alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu baba aondoke nyumbani, alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, lakini hausikii kitu. Alichemsha chai, alifanya hesabu, alicheka wenzake walipocheka. Hata Rhodri wa darasani kwao alipomtania kwamba mama yake ni deiwaka, wa kuitwa wenye kazi wakiugua mafua, hakukasirika. Neno lile lilimkaa tu kifuani.

Basi Sista Meinir, mkuu wa wodi ya wazee, akampa mama nafasi ya ajira ya kudumu. Mshahara wa hakika, likizo ya malipo, na jina lake ukutani pamoja na majina ya wengine. Ila zamu zilianza saa moja asubuhi. Sista alimwambia ajaribu wiki mbili kwanza, ndipo ajibu. Mama alirudi akamwuliza Elin kama ataweza kumlisha Ifan na kumfikisha shuleni.

"Naweza," alisema Elin. Akamkumbuka Rhodri, akaongeza, "Si kazi kubwa, Mama."

Utaratibu ukawa huu: mama alimpima Ifan sukari kwa kumtoboa kidole, akamchoma sindano, akamwekea uji wa shayiri mbele yake, akangoja ameze kijiko cha kwanza, kisha akakimbilia basi. Vijiko vilivyobaki vilikuwa juu ya Elin. Mama alimwambia akarudia: sindano ikishaingia, na uji lazima uingie, la sivyo sukari itamshuka mno.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya pili Ifan akagoma. Uji umepoa, uji una mabonge, hautaki. Elin alipaswa kumbembeleza, au kumpigia mama. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua bakuli, akamwaga uji karoni, akafungulia maji, akamwambia avae koti. Si kwamba alimchukia mdogo wake. Alikuwa amechoka, na ndani yake hapakuwa na kitu cha kumshtua.

Kwenye mteremko wa kwenda shule, mvua ikinyesha, Ifan akaketi juu ya kiukuta cha nyumba ya watu. Midomo ilikuwa imempauka, mikono inatetemeka, jasho linamtoka katika baridi ile.

"Dada, miguu yangu siisikii," alisema.

Elin alichomoa juisi iliyowekwa kwenye begi la Ifan kwa ajili ya hali kama hiyo, akamnywesha, akangoja. Rangi ikamrudia polepole. Akampa na biskuti, akazila zote. Kisha Elin akamwambia wasimwambie mama. Ifan akaitikia kwa kichwa, maana alimwamini dada yake kwa kila kitu.

Jioni mama alirudi na uso mwepesi. Aliuliza kama Ifan alikula, akaambiwa alikula. Akauliza kama alimaliza, akaambiwa alimaliza. Mama akavua viatu, akasema basi anampigia Sista Meinir akubali kazi.

"Bila wewe nisingethubutu," alimwambia Elin, huku akichukua simu.

Hapo ganzi ikaanza kumwachia, nayo iliuma. Elin alimwona mama yuko mbali wodini, anageuza wazee wa watu vitandani, na Ifan yuko juu ya kile kiukuta akitetemeka.

"Usipige, Mama. Uji niliumwaga."

Akaeleza yote. Mama hakufoka. Aliweka simu chini, akamwita Ifan, akampima, akasoma namba, akamkumbatia kwa muda mrefu. Ndipo akamgeukia Elin, akamwuliza angelificha jambo lile mpaka lini.

"Sijui," alisema Elin. "Nilitaka uwe na kazi ya kudumu kama mama yake Rhodri. Anasema wewe ni deiwaka."

"Ni deiwaka kweli," alisema mama. "Mgonjwa nikimgeuza upande haniulizi nimeajiriwaje. Kazi ya kudumu nitaitafuta Ifan akishajua kujichoma mwenyewe. Kosa la kwanza ni langu, nilikutwika mzigo wa mtu mzima. Lakini na wewe sikia, mwanangu. Ukisema unaweza na huku huwezi, hunisaidii, unanifumba macho. Nami nikifumbwa macho, nani atamwona Ifan?"

Elin akalia. Hakuwa amelia tangu baba aondoke, akalia kilio cha siku zote hizo. Mama hakumwambia anyamaze. Alikaa naye mpaka akamaliza, kisha akampigia Sista, akamshukuru, akakataa. Sista alisikitika, akaahidi kumkumbuka kwa zamu za mchana.

Asubuhi simu ililia kabla ya birika kuchemka. Mama aliitazama, akaigeuza kifudifudi, akamsogezea Ifan bakuli.

"Una mabonge," alilalamika Ifan.

"Hata mabonge huliwa," alisema mama.

Elin alichota kijiko kimoja, akaonja, akakunja uso. Kweli ulikuwa na mabonge, na chumvi imezidi. Akachota tena.