Matairi Yaliyonyamaza

Kitendawili! Nikivaa viatu vya meno naimba, nikivaa viatu laini nanyamaza. Msinijibu upesi. Henrike mwenyewe, aliyekuwa fundi wa vitu hivyo, jibu lilimjia kwa kuchelewa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, chini ya stesheni ya mji wa Münster, kwenye karakana iliyo pale baiskeli zinapopangwa ghorofa mbili na watu wanakimbilia treni mkate mdomoni. Henrike alimsikia yule kijana kabla hajamwona. Vuuuuu! Kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Akainua kichwa, ovaroli ya bluu, kitambaa chekundu nyweleni, akaona baiskeli ya milimani yenye matairi ya meno makubwa. Juu yake seremala wa suruali nyeusi ya kodrai na kizibao cha vifungo vinane.

"Kaka, unakwenda kupanda mlima gani? Huku kwetu kilima kirefu ni daraja la mfereji."

"Dada fundi, tairi limepasuka ubavuni. Nimekuja kushonewa, sikuja kusemwa."

"Kusemwa ni bure. Kushona ndiko utakakolipia."

Akalishona kwa uzi mwekundu, kwa sababu ndio uliokuwa mfukoni. Kijana aliitwa Veit, mtu wa milima ya Allgäu, mbali kusini, amekuja kutengeneza paa la kanisa. Huko kwao kamwacha baba yake peke yake na ng'ombe kumi na wanne. Kulipia alilipia, lakini kuondoka kulimshinda hadi treni tatu zikapita.

Basi wakapendana. Kila asubuhi, saa moja kasorobo, Veit alipita mtaani kwa Henrike akielekea kazini. Matairi yakivuma juu ya matofali, Henrike alifungua mbao za dirisha na kumrushia andazi la zabibu. Akilidaka, siku yake imeanza vizuri. Likimponyoka, mbwa wa jirani ndiye aliyeanza vizuri.

Mchana simu iliita.

"Umekula, mpenzi?"

"Niko juu ya paa, nakula upepo."

"Sikiliza, nimekuchagulia matairi ya barabarani. Laini katikati, mistari midogo pembeni ya kutoa maji. Upana milimita hamsini. Usijidanganye na membamba, rimu yako ni pana, yatakaa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa chako hicho. Na yawe na kinga ya vigae vya chupa. Utateleza kama siagi."

"Mwezi ujao, malkia wangu."

Juni ikawa mwezi ujao. Julai ikawa mwezi ujao. Mwanamke wa ufundi anajua mteja anayesitasita kwa bei, na anajua anayesitasita kwa jambo jingine. Septemba, wamekaa ukingoni mwa mfereji, Henrike akasema:

"Veit, yale si matairi. Ni begi lililokwisha fungwa, umeliweka karibu na mlango."

Veit akatazama maji. "Baba anazeeka. Paa likiisha, sijui."

"Mimi sikuombi pete. Nakuomba matairi mawili!"

"Henrike..."

"Ukitaka kwenda, nenda kimya kimya. Nisikusikie. Na simu usinipigie."

Henrike akaondoka, na usiku ule akaizima simu yake.

Alhamisi ndiyo siku ya Henrike ya mapumziko. Kesho yake ikawa Alhamisi, Veit akashuka chini ya stesheni kwa mzee Oltmann, fundi mwenzake Henrike.

"Mzee wangu, nataka yale aliyonichagulia. Upana hamsini. Usimwambie, nataka ajionee mwenyewe."

"Hatimaye! Na haya ya meno?"

"Tupa."

Ijumaa, saa moja kasorobo, alipita mtaani. Baiskeli iliteleza kama siagi kweli. Haikutoa sauti hata ya kumwamsha paka. Mbao za dirisha zikabaki zimefungwa. Akasimama mguu mmoja chini, akangoja. Akasema moyoni: ameniona, hataki kufungua. Kengele ya mlango aliiogopa, kwa kuwa aliambiwa asisikike.

Nyuma ya mbao zile, Henrike alikuwa amekaa kitandani, andazi mkononi, masikio yamesimama. Kimya. Akasema: amekwenda.

Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili hakuna kazi, lakini alipita, na hivyo hivyo. Wanadamu wawili, ubao mmoja katikati, na hakuna aliyejua la kufanya.

Jumapili jioni dada yake Veit akapiga simu. "Baba ameanguka kutoka darini, kule kunakowekwa nyasi za ng'ombe. Nyonga imevunjika. Ng'ombe nimekamua mimi, na watoto wangu wananilia. Kaka, njoo."

"Nakuja," akasema. Angesema nini kingine?

Jumatatu Henrike alikuwa akipanga rundo la matairi mabovu, mara mkono wake ukagusa mshono. Uzi mwekundu.

"Mzee Oltmann! Haya yametoka wapi?"

"Ya yule wako wa milimani. Alibadilisha Alhamisi. Niliambiwa nisikwambie."

Henrike akakaa chini, palepale sakafuni. "Kwa hiyo alikuwa anapita," akasema. "Alikuwa anapita siku zote."

Alipoinua macho, Veit alikuwa ameshika usukani mbele yake, mkoba mgongoni, tiketi kati ya vidole.

"Nimekuja kuaga, hata kama hunitaki. Baba ameanguka."

"Nani kakwambia sikutaki? Sikukusikia, wewe mjinga! Nilikuwa nakungoja na andazi!"

Wakashikana, mafuta ya mnyororo yakaingia kwenye kizibao, wakacheka, na kicheko kikageuka machozi.

"Utarudi lini?"

"Sijui, mpenzi. Wallahi sijui."

Henrike akafuta macho kwa kitambaa chekundu. Akatazama yale matairi laini, mazuri, chaguo lake mwenyewe.

"Barabara ya kwenu ni kokoto?"

"Kokoto mpaka mlangoni."

"Haya yatachanika wiki ya kwanza. Geuza baiskeli."

"Acha, Henrike."

"Geuza, nimesema! Treni yako ina dakika arobaini."

Akayavua aliyoyaombea miezi minne, akaivisha baiskeli yale ya meno, mshono mwekundu ukitazama nje. Kisha akayatundika yale laini ukutani, akachukua kadi ya karakana, ile wanayoifunga kwenye kila kazi: mwenye mali, siku ya kuchukua.

Veit akashika penseli. Alipofika kwenye siku, akaiinua tena.

"Acha wazi," Henrike akasema.

Akaacha wazi. Kwenye mwenye mali akaandika majina mawili, lake na la Henrike.

Halafu akapanda baiskeli, akaikwea njia ya kutokea. Vuuuuu. Henrike akatoa andazi la asubuhi mfukoni, akabaki nalo mkononi, akisikiliza, hadi kelele za treni zikaumeza ule mvumo.