Matundu Aliyoyaziba Fundi

Bibi alikuja mjini kumtembelea mwanawe, fundi wa kujenga. Kijijini alizoea sauti za kuku na upepo. Mjini aliamshwa na ndoo za jirani na kulazwa na redio ya jirani.

"Nyumba hii ina watu wangapi?" aliuliza.

"Nani atawahesabu, mama?" alijibu mke wa Fundi. "Kila chumba kina familia. Baba mwenye nyumba alivikata vyumba katikati kwa kuta. Watu wakizidi, naye anazidisha kuta."

"Akikata tena tutalala wima," alisema Bibi.

Fundi alikuwa na jambo moja la kujivunia. Zamani, juu ya mlango na juu ya dirisha palikuwa na matundu ya hewa. Humo uliingia moshi wa majiko ya koridoni. Humo pia kuliingia kukoroma kwa dereva wa lori wa chumba cha mkabala, aliyesafiri usiku na kulala mchana. Fundi akayaziba yote kwa saruji.

"Sasa kumetulia kama kijijini, mama," alisema.

Siku moja alasiri mvua kubwa ilinyesha. Fundi alikuwa kazini, mkewe sokoni. Bibi alibaki na mjukuu wake mdogo, aliyeitwa Kitumbo kwa sababu ya kupenda kula. Maharage yalikuwa juu ya jiko la mkaa koridoni, na maji ya mvua yalianza kutiririka humo. Bibi akangoja mkaa uwe mwekundu.

"Moshi umeisha. Sasa hauna neno," alisema, akaliingiza jiko chumbani.

Akafunga dirisha. Akarudisha mlango. Akasukumia gunia chini ya mlango ili maji yasipite.

Punde kichwa kikaanza kumgonga. Akalaumu makelele ya mji. Kitumbo naye akalala mkekani, sufuria ikichemka.

"Leo tumbo limesahau kazi yake," Bibi alisema. Akataka kuinuka amfunike. Miguu ikakataa.

Wakati huohuo muuguzi wa chumba cha pili alirudi kutoka zahanati. Akakuta ndoo ya kina Fundi imeziba mlango wake. Akaenda kulalamika.

"Hodi. Bibi, hii ndoo yenu nipite juu yake au chini yake?"

Hakujibiwa. Alisikia sufuria tu. Akasukuma mlango kwa bega, gunia likasogea. Hewa ya moto ikampiga usoni. Akamnyanyua Kitumbo, akamwita dereva. Dereva akatoka na soksi moja mguuni, akambeba Bibi hadi uani, kwenye mvua. Kisha akawakimbiza wote zahanati.

Fundi alifika akiwa na saruji mikononi. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, kapu la sokoni bado begani. Kitumbo alikuwa amewekewa hewa ya oksijeni. Bibi alikitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Utani wote ulikuwa umemwisha.

Jioni Kitumbo akafumbua macho.

"Maharage yameiva?" akauliza.

Hapo ndipo Bibi alipolia.

Muuguzi akaketi kando yake. "Bibi, mkaa mwekundu ni mwongo. Moshi umeisha, lakini mkaa bado unatoa hewa ya sumu. Haionekani, hainuki. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu anaweza asiamke."

"Mbona kijijini napika ndani tangu niolewe?"

"Jiko lako la kijijini likoje?"

"Ukuta haufiki kwenye paa. Kuku anaingia na kutoka bila hodi."

"Basi sumu nyingi ilitoka naye. Lakini hata kule kijijini, moshi huumiza kifua. Huku mjini tumebanana, na chumba chenu kimezibwa kote."

"Kumbe yale mapengo," Bibi alisema polepole. "Nami miaka yote nikiyaonea aibu."

Fundi aliitazama mikono yake. "Nimeyaziba mimi," alisema. "Nitayafungua."

"Yafungue," alisema muuguzi. "Lakini jiko la mkaa lisiingie tena chumbani, hata matundu yakiwa wazi. Na mkisikia kichwa kinauma karibu na jiko, tokeni nje kwanza, kisha mje zahanati."

Kesho yake Fundi alichukua nyundo na tindo, akayazibua matundu yote. Wapangaji nao wakamwendea baba mwenye nyumba. Alikuwa amepanga kuongeza chumba kwenye kipande cha uani kilichobaki. Mke wa Fundi akamwekea Kitumbo mikononi.

"Tuachie uwanja huo tupikie," alimwambia.

Mzee yule alimtazama mtoto. "Haya, simamisheni nguzo," alisema. Fundi akaezeka bati juu ya nguzo hizo, pande zote zikaachwa wazi. Tangu hapo mvua ikinyesha, majiko yote hukaa pale.

Siku ya kuaga, Bibi alikuwa akifunga mzigo wake mchana. Kupitia matundu ya juu ya mlango kukoroma kwa dereva kukaingia, kuzito kama lori lake.

"Mama, nikamwambie alale upande?" mke wa Fundi aliuliza.

"Mwache mwenzio," alisema Bibi, akimpakata Kitumbo. "Anayekoroma anapumua."