Kinachopanda Kutoka Ndani ya Picha

Desmond Tregear alikuwa anarudi na pai za nyama jioni, mvua ya Queenstown ikimchapa mgongoni, alipomkuta Alvin Pascoe amesimama getini kwake kama kuku aliyelowa.

Alimdharau Alvin. Kusema kweli aliwadharau wote waliokuwa na uraibu ule wa kuichimba seti ya Mandelbrot kwa kompyuta. Ni kanuni moja fupi ya hesabu, inachora umbo jeusi lenye kingo zisizokwisha. Ukikuza ukingo unaona mapindo. Ukikuza mapindo unaona mengine ndani yake, mpaka uchoke wewe. Wenzake mtandaoni walizipaka picha zile rangi wakaziita sanaa. "Wapaka kucha," Desmond aliwaita. Yeye alifundisha hesabu miaka mingi, na hakuna aliyeshuka kina kama chake.

"Des," Alvin alinong'ona. "Zile namba nilizokutumia... usizifungue."

"Kwa nini? Umekosea nukta, kama kawaida yako?"

"Kuna kitu kule chini. Kinapanda."

Desmond aliangua kicheko. "Picha haipandi, Alvin. Ni wewe unayeshuka. Hata hilo hulijui? Nenda kalale, bwana."

Alvin akaondoka na mvua yake.

Dada yake Desmond, Noreen, alikuwa jikoni akimenya viazi. Desmond alimwachia pai mezani, akajifungia chumbani, akaingiza namba zile za mahali pa kukuza picha, hata koti hajavua.

Kompyuta ikaanza kunguruma. Mapindo yakafunguka. Akashuka. Akashuka tena. Katikati kikatokea kidoa cheusi, kidogo kama chawa. Si ajabu, umbo lile hujizaa kila mahali.

"Hiki ndicho kilichokukojoza, Alvin?"

Akaisimamisha programu ili akitazame vizuri.

Picha ikasimama.

Doa halikusimama.

Likawa kama ukucha... kama yai... Mikono yake ilikuwa mapajani, hajagusa kitu. Feni ya kompyuta ilikuwa imenyamaza, lakini mngurumo uliendelea, sasa ukitokea chini ya sakafu. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

"Mashine mbovu," alisema. Akachomoa waya ukutani. Kioo kikazima.

Kimya.

Akajicheka. Ndipo Noreen akaita kutoka jikoni, kwa upole kabisa.

"Des... mwambie mgeni wako avue viatu."

Alimkuta ameketi peke yake, kisu mkononi, viazi vimetapakaa chini. Akainua uso. Mboni za macho yake hazikuwa duara tena. Zilikuwa na kingo za mapindo, na ndani ya mapindo...

"Sogea, Des," alinong'ona. "Bado hujafika."

Asubuhi Desmond alikimbilia kwa Alvin. Mlango ulifunguliwa na mama yake Alvin, kikongwe ambaye tangu Pasaka hakuna aliyemwona nje. Macho yake yalikuwa safi, anatabasamu. Nyuma yake Alvin alikuwa ameinamisha kichwa.

"Amepona jana jioni," Alvin alisema.

"Lakini... wewe ulinikataza!"

"Ningekuomba uzifungue, ungenicheka. Nikikukataza, nilijua hutavua hata koti."

Kitu chenyewe ni nini, Alvin hakujua. Alijua tu kwamba hupanda kinapotazamwa, kisha hukaa ndani ya mtu wa karibu wa yule aliyekifuata, mpaka atokee mwingine wa kukifuata.

Siku ile ile Desmond aliwaandikia wapaka kucha wote. Akaweka namba, akawakataza kwa matusi: hamna akili ya kufika huku, msithubutu, hapa si mahali pa mafundi rangi. Akasubiri, jasho linamtoka.

Wakajibu mmoja mmoja. Asante, Des. Tumekusikia. Hatutakwenda.

Kondoo! Aliwalaani mpaka sauti ikamkauka. Hata mmoja hakuwa na kiburi cha kumfaa.

Jikoni kiti kilisogezwa. Nyayo zikaja, taratibu, zikakoma nyuma ya mgongo wake. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Desmond alikaza macho kwenye meza.

"Des?"

Safari hii ilikuwa sauti ya Noreen mwenyewe, ndogo sana, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Des, mimi huku... Huku ndani. Geuka, kaka. Usiponitazama, nitapandaje?"