Mshale Usioshuka

Maiti ya nahodha ilikuwa imelala chali sakafuni mwa boti, kando ya injini iliyofunuliwa kifuniko. Uso na kifua vilikuwa vimebabuka. Kisogoni palikuwa na jeraha.

"Mpira wa maji ulipasuka alipofunua kifuniko," daktari wa polisi alisema. "Mvuke ukamchoma, akaanguka kinyumenyume na kugonga kichwa kwenye chuma. Injini yenyewe imechemka hadi imekwama. Mfuko wa plastiki uliziba tundu la kuvutia maji ya kupoza."

"Ajali, basi," alisema konstebo.

Inspekta aliinamia dashibodi. Injini ilikuwa imekwisha kupoa kabisa, lakini alipozungusha ufunguo wa swichi, mshale wa geji ya joto uliruka na kuganda kwenye alama nyekundu.

"Injini baridi, geji ina homa!" konstebo alichekelea. "Tuipeleke zahanati, afande?"

Inspekta alizima, akawasha tena. Mshale ukaruka vilevile. Akili yake ikagota. Kama geji ilimwonya nahodha, kwa nini hakusimama? Na kama ilikuwa ikidanganya, nani aliyeifundisha uongo?

Manahodha wenzake marehemu pale gatini hawakuwa na mashaka. Geji ile ilitengenezwa na fundi wa boti. Basi aulizwe fundi. Kufikia mchana, fundi alikuwa ameketi katika chumba cha mahojiano, mikono ikiwa na pingu.

"Geji hii uliitengeneza wewe?"

"Niliibadilisha, afande. Niliweka mpya, ikasema moto. Nikabadilisha pia kihisi cha joto kilichofungwa kwenye injini. Ikasema moto, hata injini haijawashwa!"

"Ukafanyaje?"

"Nilimwambia Kapteni, boti imezeeka, mshale una wazimu wake. Usiujali."

"Ulimwambia asiujali?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nitafungwa, afande? Mke wangu yu karibu kujifungua."

Vipuri viwili vipya, na uongo uleule wa zamani. Inspekta alivuta kiti karibu.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Joto linaufikiaje mshale?"

"Kuna waya mmoja, unatoka kwenye kihisi hadi kwenye geji. Injini ikipata moto, kihisi kinaruhusu umeme mwingi upite kwenda kwenye chuma cha injini. Mshale unapanda."

"Na waya ukichomolewa kwenye kihisi?"

"Mshale unashuka mpaka mwisho wa baridi."

"Uliwahi kuuchomoa ujaribu?"

"Nilibadilisha vipuri, afande. Waya... waya sikuujaribu."

Wakarudi botini pamoja na konstebo. Fundi, angali na pingu, aliwasha swichi, akauchomoa waya kwenye kihisi. Wote watatu wakageukia dashibodi.

Mshale haukushuka.

"Basi waya unagusa chuma mahali fulani njiani," fundi alinong'ona.

Waliufuata kwa vidole, inchi kwa inchi, hadi chini ya kiti cha nahodha. Hapo, shazia, sindano nene ya kushonea magodoro, ilikuwa imetoboa waya na kujikita kwenye ukingo wa chuma. Tunduni mwake ulining'inia uzi wa kijani. Inspekta aliichomoa, na mshale ukaanguka kama aliyechoka.

Akatazama foronya za mito ya viti. Zote zilishonwa kwa uzi wa kijani.

"Nani alizishona?"

"Mama," fundi alijibu, asiamini anachokisema. "Mkewe Kapteni."

Nyumbani kwa marehemu, mjane alikuwa chumbani, ameketi karibu na cherehani iliyofunikwa.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

Inspekta aliiweka mezani shazia iliyokuwa ndani ya mfuko wa ushahidi. "Ni yako?"

"Ni yangu."

"Nani aliichoma kwenye waya?"

"Mimi." Hakupepesa macho. "Zamani waya huo ulichubuka, mshale ukapanda bure. Mume wangu mwenyewe alinionyesha, akicheka. Sikusahau."

"Kwa nini, mama?"

"Alikuwa akizimia. Mara ya kwanza bafuni, mara ya pili akiwa kwenye usukani. Daktari alimwambia aache kazi. Akasema atapumzika kaburini. Mimi alikuwa akibishana nami. Injini hakuwahi kubishana nayo."

"Ikafaa?"

"Mwanzoni. Mshale ukipanda, anarudi nyumbani. Ananuna, ananung'unika, lakini yupo. Kisha fundi akamwambia mshale una wazimu. Akaanza kwenda nao hivyohivyo, anautania: 'Leo umeamkaje, mgonjwa wangu?'"

"Mbona hukuitoa shazia?"

"Kila siku nilisema kesho. Nilidhani ataogopa tena." Alilaza kiganja juu ya cherehani. "Nilitaka aogope kidogo tu, mwanangu. Kumbe nilikuwa namzoesha kutoogopa."

Kalamu ya konstebo ilisimama juu ya karatasi. "Afande, niandike kosa gani?"

Inspekta alikwishajua nani, vipi, na kwa nini. Hata hivyo alisimama katikati ya chumba kama mgeni aliyepotea nyumba.

"Fundi aachiwe sasa hivi," alisema hatimaye. "Na mama amzike mumewe kwanza."

"Na kosa, afande?"

"Acha nafasi. Bado sijui linaitwaje."