Fundichuma na Kalvati la Ruanda

Kila asubuhi kabla ya shule, Marita alichukua jembe akashuka kwenye kalvati, lile bomba la kupitishia mto, ambalo Waingereza walilijenga chini ya barabara ya kijiji chao cha Ruanda. Na kila asubuhi alilikuta limeziba kwa vijiti.

Juu ya kalvati, kwenye mti ulioinama, ndege wa kahawia mwenye kishungi, yule anayeitwa fundichuma, alikuwa anajenga kiota kikubwa kama banda la kuku. Nusu ya vijiti vyake ilianguka mtoni. Maji yakikosa njia, yaliingia kwenye kitalu cha kahawa cha mama yake, hadi nyumbani. Miche ya chini ilikuwa imeanza kuoza, na hapakuwa na mingine ya kupanda mwaka huo.

"We ndege, huna hata haya," Marita alisema, akivuta vijiti. Fundichuma akadondosha kingine.

Kaka yake Amoni akaja na mwanzi mrefu. "Leo nakiangusha chote."

"Bibi anasema anayebomoa kiota cha fundichuma, nyumba yake hupigwa radi."

"Nyumba yenyewe imelowa. Radi itatukaushia."

"Amoni, shusha huo mwanzi," mama alisema kutoka kitaluni. "Msimu uliopita ulikibomoa, akajenga kikubwa zaidi. Na sasa kina makinda."

Kwa hasira, Marita alileta mgono, ule mtego wa samaki wa matete, akausokomeza kwenye mdomo wa kalvati. Alipotoka shule, majani yalikuwa yameuziba wote.

"Hongera," Amoni alisema. "Umepata kazi kwa fundichuma."

Marita aliuchomoa mgono, akautupa majini. Ukanasa kwenye jiwe, na pale akaona: vijiti viliganda nje ya matete, maji yakapita pembeni.

"Kaka, lete mwanzi wako. Tuukate vigingi."

Walivipigilia mbali kidogo na kalvati, wakiacha nafasi za maji kupita, vikauzunguka mdomo wake kama ua. Asubuhi vijiti vilikuwa vimelala nje ya ua, na maji yalipita chini ya barabara bila kelele. Kitalu kilianza kukauka.

Mama alisimama akitazama. "Siku zote mlipigana na ndege, kumbe kazi ilikuwa kulinda mlango wa maji. Hasira iliwachosha ninyi, yeye haikumgusa. Mkianza kwa kutazama, mtafanya kazi mara moja tu, na hakuna kinda litakaloumia."

"Ndiyo, mama," walijibu.

"Haya, hivyo vijiti vipelekeni jikoni. Fundichuma ametuletea kuni, na hajasumbua kama ninyi."