Seva ya Ukoo Wetu

Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 2009, tulikuwa tunapukuchua mahindi nyumbani kwangu, nje kidogo ya Kitale. Binti yangu Nasike alikaa upande mmoja wa turubai, mimi upande mwingine. Wingu likija tunakunja turubai. Jua likirudi tunakunjua. Wenye maghala walikuwa hawajafungua. Walituambia tungoje. Mke wangu Nekoye pia aliambiwa angoje, kwenye benchi ya hospitali, mpaka akafa. Mtu wa chini kazi yake ni kungoja.

Nekoye alisoma kunishinda. Mimi niliishia darasa la sita. Yeye aliacha daftari. Alikuwa amewauliza mama wazee wote wa ukoo wetu, akaandika nani alizaliwa na nani, na nani aliolewa wapi.

Daftari hilo lilikuwa na kazi. Kwetu Bungoma kijana haoi msichana wa ukoo wake, wala wa ukoo wa mama yake, wala wa nyanya zake. Kabla ya harusi wazee wanakaa kufuata damu. Zamani ilikuwa rahisi. Siku hizi mmoja yuko Kitale, mwingine Tongaren, mwingine Malakisi. Vijana wanapendana bila kujua wametoka wapi.

Mchwa waliingia kwenye lile daftari. Nasike aliliokoa, akalipeleka kwa Rosaline Wakonyo, mama mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko la Kitale. Huko akaandika orodha yote kwenye kompyuta. Afadhali alifanya hivyo, kwa sababu kabla ya mwezi kuisha mchwa walimaliza kurasa zilizobaki.

Rosaline alitazama ile orodha, akaniita.

"Mzee Sifuna, hii kitu isikae kwa mashine yangu. Stima ikiruka, imeungua. Na wenzako wa Bungoma wataisoma vipi? Tukodi seva."

Nikamuuliza seva ni mnyama gani.

"Ni kompyuta inayokaa mahali stima haipotei," akasema. "Haizimwi usiku wala mchana. Yetu itakuwa kipande tu. Mashine moja kubwa imegawanywa kama ploti ya vyumba vya kukodi. Kila mpangaji ana mlango wake, hamwoni jirani. Ndani inatumia Linux badala ya Windows. Linux hailipiwi."

"Na hiyo ploti iko wapi?"

"Ulaya."

"Kwa hivyo wazungu ndio watalala na majina ya nyanya zetu."

"Watakaa na sanduku, mzee. Ufunguo ni wako."

Ukoo ulikubali kuchanga kodi. Rosaline akaanza kazi. Alinieleza kwamba seva haina skrini. Mtu akiingia anaona dirisha jeusi la kuandikia amri, na mtu mgeni anaogopa. Kwa hivyo aliweka vitu viwili. Kimoja kinachora meza ya kompyuta, ile yenye picha za faili za kubonyeza kwa mausi. Alichagua meza nyepesi, kwa sababu intaneti yetu ilikuwa ya kukokota miguu. Cha pili kinaitwa VNC. Hicho ndicho kinabeba picha ya meza kutoka Ulaya mpaka Kitale.

Nilishika mausi nikafungua orodha. Jina la Nekoye lilikuwa hapo, na langu kando yake. Nilikaa nikilitazama mpaka Rosaline akaenda kuhudumia watu wengine.

Jioni hiyo alinipa karatasi yenye namba ya seva na neno la siri. Akasema jina la kuingilia ni root. Huyo root ni mwenye nyumba, anaweza kujenga na anaweza kubomoa. Akaniomba nisimpe mtu mpaka arudi Jumatatu amtengenezee kila mmoja jina lake.

Mimi Jumamosi nilikuwa na mkutano wa ukoo Bungoma. Kwetu mali ya ukoo haifichwi. Ng'ombe wa ukoo anaonyeshwa mbele ya watu wote, shamba la ukoo linatembelewa na watu wote. Viongozi wetu wameficha mengi, na mimi nimewasema kwa hilo miaka mingi. Nikaona nisiwe kama wao. Nikasimama, nikasoma namba na neno la siri kwa sauti, mara mbili. Watu wakaandika, hata kwenye viganja. Walinipigia makofi.

Jumatatu Rosaline aliposikia alishika kichwa.

"Si nilikuambia, mzee?"

Nikamjibu kwamba sisi hatuna siri katika ukoo. Nikaongeza kwamba hata nikitaka hayo majina mapya, shamba linaningoja. Nikaondoka. Yeye akabaki na mashine yake.

Wiki mbili zikapita. Kijana aliyetaka kumwoa Nasike anaitwa Kizito, mwalimu wa Kimilili. Tarehe ilikuwa imepangwa, Desemba kumi na tisa. Ndipo Mzee Wekoye, mwenyekiti wa ukoo wetu kule Bungoma, akanipigia simu.

"Ndugu yangu Sifuna, hii harusi haiwezekani. Nimefungua orodha kwa ile seva. Nyanya ya Kizito, mama ya mama yake, ni Nafuna. Na Nafuna ni msichana wa kwetu. Hao watoto ni damu moja."

Nilimwambia hapana. Nafuna aliletwa kwetu akiwa mdogo, mwaka wa njaa. Wazazi wake walikuwa watu wa ukoo mwingine, wakafa. Alilelewa kwa baba yangu, na akaolewa kabla mimi sijazaliwa. Nekoye aliandika hivyo. Nafuna mwenyewe alikuwa ameshakufa.

"Hapa sioni hivyo," Wekoye akasema. "Naona jina la Nafuna tu, kati ya mabinti wa baba yako. Wazee tutakaa Jumamosi ijayo. Leta ushahidi."

Nasike alisikia yote. Hakulia. Aliendelea kupukuchua hata gunzi lililokwisha mbegu.

Asubuhi nilikuwa kwa Rosaline kabla hajafungua. Niliongea vibaya. Nilisema Wekoye amefuta maneno ya mke wangu kwa sababu hanipendi, na wakubwa wote ni wale wale. Rosaline aliningoja nimalize, akafungua dirisha jeusi na kusoma kumbukumbu za seva.

"Tangu siku ile ya mkutano watu wameingia hapa mara thelathini na saba," akasema. "Kutoka Bungoma, Malakisi, Tongaren, hata Nairobi. Wote wanaitwa root. Aliyefuta ni root. Wekoye ni root, wewe ni root. Utamshika nani?"

Lile neno la siri nililisoma mimi mwenyewe.

Rosaline alikuwa na tabia moja nzuri. Siku ile Nasike alipomaliza kuandika, alikuwa ameweka nakala kwenye CD. Tukaifungua. Ilisema: Nafuna, alilelewa kwetu, si wa damu. Nikampigia Wekoye kwa furaha. Alinijibu kwa upole kwamba CD iko kwa rafiki yangu, na msichana ni wangu. Wazee watauliza ni karatasi gani ya kweli.

"Basi tutengeneze nyumba kwanza," Rosaline akasema. "Kaa uone, ili kesho uweze kumwonyesha mwingine."

Nikakaa. Kwanza, akiwa bado root, alibadilisha lile neno la siri nililolitangaza. Alichagua refu, lenye herufi na namba, lisilo jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa. Pili, aliandika amri ya adduser, nafasi, halafu jina. Akaifanya kwa kila mtu: sifuna, nasike, wekoye, na wengine. Kila mmoja akapata chumba chake na meza yake. Tatu, alimfungia root asiingie tena kutoka mbali. Mwenye kazi kubwa anaingia kwa jina lake kwanza, halafu anaomba ruhusa.

Halafu akanionyesha jambo ambalo sikulijua. VNC peke yake inatembea uchi barabarani. Mtu aliye njiani anaweza kuona unachoandika. Kwa hivyo unafungua kwanza SSH, ule mlango wa dirisha jeusi, ambao hufunika kila kitu. Ndani yake unapitisha VNC, kama maji ndani ya bomba. Akafunga milango mingine yote ya seva, akaacha ule mmoja tu.

Orodha aliiweka mahali pa wote kusoma, lakini hakuna wa kuibadilisha peke yake. Anayetaka kusahihisha anaandika karatasi yake, na jina lake linakaa juu yake na saa. Na kila jioni nakala moja inakwenda kwenye mashine nyingine.

"Ukifunga dirisha lako, seva haijazimika," akaniambia. "Umetoka chumbani tu. Na bado ni seva ile ile moja."

Kazi yangu ikawa kumpigia kila mtu simu na kumpa neno lake la siri, yeye peke yake, kisha abadilishe mwenyewe. Nilianza na dada yangu Pauline wa Malakisi. Ni mtu mzima wa karibu miaka sabini. Alikuwa karani wa kupiga chapa kwenye ofisi ya wakulima wa tumbaku, kwa hivyo kibodi haimtishi. Alikuwa akienda saiba ya huko kwao karibu kila wiki.

Nilimweleza kama Rosaline alivyonieleza. Nikasema sote tunatazama mashine moja.

Akaniomba niseme tena. Nikarudia.

"Papa," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la baba yetu. "Kwa hivyo hii si fungu langu?"

"Fungu gani?"

"Nilifikiri kila nyumba imepewa yake. Kama nyama ya matanga. Langu nifanye nipendavyo, la Wekoye linabaki la Wekoye."

"Dada, ulifanya nini?"

"Niliondoa maneno. Hapo kwa Nafuna." Sauti yake ikashuka. "Tulilala mkeka mmoja miaka kumi. Mama alitukataza, mtu asimwambie Nafuna si wetu. Aliyesema alichapwa. Sasa nafungua naona imeandikwa, si wa damu. Nikaona huyo mke wako amekosa adabu. Nikafuta."

Nilimwambia kuhusu Nasike na Kizito. Hakuwa amesikia. Huyo Kizito alimjua tu kama mjukuu wa Nafuna, na hakujua anamwoa nani. Halafu akasema kwamba mama alimkataza jambo hilo yeye akiwa na miaka sita, na hajalisema tangu hapo. Akaomba nimsomee neno lake la siri.

Jumamosi nilikuwa Bungoma, saiba moja karibu na stendi, pamoja na Wekoye na wazee wengine wanne. Goti la Pauline lilikataa safari. Wekoye aliingia kwa jina lake mwenyewe. Alipiga herufi kwa kidole kimoja, lakini aliingia. SSH kwanza, halafu VNC, na meza ikatokea. Orodha ilikuwa pale. Chini yake kulikuwa na karatasi mpya, jina lake pauline, saa mbili na dakika kumi asubuhi ya siku hiyo.

Wekoye akasoma kwa sauti:

"Nafuna alizaliwa na watu wengine, walikufa mwaka wa njaa. Baba alimleta akiwa amebebwa mgongoni. Hakuzaliwa nasi. Nilifuta maneno hayo mimi. Ni dada yangu."

Mzee mmoja akauliza kama si mtu mwingine ameandika. Wekoye akaonyesha jina na saa. Hata hivyo akampigia Pauline simu, akaweka sauti juu, akamwuliza kama maneno ni yake. Tulimsikia akisema ni yake. Alisema mara moja tu.

Wazee hawakukaa hata nusu saa. Damu haikukutana. Wekoye alinishika mkono, akaniomba nimfundishe kuweka nakala. Nilimfundisha. Sikuwa nimezoea kumfundisha mkubwa kitu.

Mpaka leo kila mtu wetu anaingia kwa mlango wake, na ile orodha haijapoteza jina. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata stima iliunguza kompyuta mbili za Rosaline. Alinunua nyingine, akafungua VNC, na sote tulikuwa pale.

Desemba kumi na tisa tulimwoza Nasike Kimilili. Tulikuwa tumemwekea Pauline kiti cha mbele, upande wa bibi harusi, penye heshima ya shangazi. Alikitazama, akakipita. Alikwenda polepole na goti lake mpaka upande wa Kizito, akauliza Nafuna angekaa wapi, akakaa hapo.