Maji ya Upanga wa Mfalme Le

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Diep aliwafungulia bata wa shangazi yake, akafagia kinyesi chao, kisha akashuka bwawani na ndoo. Kazi ya bata aliizoea. Kazi ya bwawa ilimtia kinyaa kila siku, kana kwamba ndiyo kwanza anaianza.

Bwawa hilo lilikuwa nyuma ya hekalu la Mfalme Le, yule wa kale aliyewashinda wavamizi kwa upanga wa ajabu. Lilikuwa limefunikwa utando wa kijani, mzito kama kamasi. Bata waliogelea humo. Mvua ikinyesha, uchafu wa mazizi ya nguruwe uliteremka humo. Diep aliusukuma utando kwa mkono, akachota maji, akayachuja kwa kitambaa na kujaza chupa. Kisha wageni waliokuja hekaluni baada ya sikukuu ya mwaka mpya walizinunua kama dawa.

Muuzaji alikuwa Shangazi Hanh, aliyemlea tangu wazazi wake walipokwenda kufanya kazi kiwandani mjini. Alikuwa na meza chini ya mwavuli, na ulimi usiokauka.

"Dada zangu," aliwaambia wanawake waliotoka mbali, "humu ndimo Mfalme Le alimooshea upanga wake baada ya vita. Damu ya adui ilitoka, nguvu ya upanga ikabaki majini."

Walipoondoka, alikuja dereva mmoja wa lori. Huyo aliambiwa kwamba upanga wenyewe ulilala chini ya bwawa, kasa akiulinda, kabla mfalme hajaurudisha ziwani.

"Shangazi," Diep aliuliza, "sasa upanga ulioshwa humu au ulilala humu? Maana shuleni tumesoma kwamba mvuvi aliunasa kwa wavu."

Shangazi akacheka. "Kwani wasimuliaji wenyewe wanakubaliana? Bibi yako alikuwa akisema mpini ulikutwa juu ya mti. Wengine husema upanga mzima ulitoka ziwani ukarudi ziwani. Kila mtu na hadithi yake. Mimi nikiongeza moja, nimemdhuru nani?"

Diep aliunusa mkono wake, akaufuta kwenye sketi.

Asubuhi moja ndoo ilikuja na kitu kizito. Alikuwa panya, amevimba kama mpira, manyoya yakimtoka. Diep alitupa ndoo, akainama kando na kutapika uji wote aliokunywa.

Shangazi Hanh alikuja, akamwinua panya kwa kijiti na kumrusha migombani.

"Haya, kwisha. Bwawa zima haliharibiwi na panya mmoja. Chuja mara mbili."

"Shangazi, ananuka. Maji yote yananuka."

"Tia majani ya mchaichai. Na uharakishe, wageni wanakuja."

Diep alichuja, akatia mchaichai, akajaza. Harufu ilimkaa puani mpaka jioni, alipokuja Bibi Mui amembeba mjukuu wake Bach. Bach alikuwa mdogo wake Quyen, rafiki yake Diep aliyekaa naye dawati moja. Mtoto alikuwa akikohoa.

"Mpe bibi chupa," Shangazi alisema.

Diep aliitoa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Bibi Mui naye akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Diep alifungua kinywa. Shangazi alimkazia macho, naye akakifunga.

Siku iliyofuata Quyen hakuja shuleni. Alipokuja siku ya pili, macho yalikuwa mekundu.

"Bach yuko zahanati," alisema. "Anatapika na kuharisha. Hawezi hata kulia vizuri. Bibi anaendelea kumpa yale maji yenu, anasema dawa ya mfalme haikatizwi."

Kengele ya mapumziko ilipolia, Diep hakwenda kucheza. Alikimbia hadi zahanati bila kusimama.

Alimkuta Bach amelala, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Daktari Thao, mwanamke mwembamba, alikuwa akitafuta mshipa wa kumtundikia dripu. Bibi Mui alikuwa amekaa kando, akifungua kizibo.

"Bibi, usimpe," Diep alisema.

"Niache, mjukuu wangu. Haya ni maji ya mfalme."

"Ni maji ya bata, bibi. Na uchafu wa nguruwe. Siku ile nilitoa panya aliyeoza. Mimi ndiye niliyeyachota."

Bibi Mui alimtazama, akaitazama chupa. Aliiweka sakafuni taratibu, kisha akaufuta mkono wake kwenye nguo, akaufuta tena na tena. Diep angependa apigwe kofi kuliko kuuona mkono ule ukifutwa.

"Kwa nini hukusema ulipompa?" Daktari Thao aliuliza.

"Niliogopa."

"Sasa umesema. Afadhali. Nilikuwa nashangaa kwa nini hapati nafuu." Aliichukua chupa ile na kuifungia kabatini.

Jioni hiyo Bach alipoanza kukojoa na kuomba uji, daktari na Bibi Mui walikwenda kwenye meza ya Shangazi Hanh. Shangazi alianza, "Humu ndimo mfalme..." Bibi Mui alichukua chupa moja pale mezani, akamimina maji kikombeni, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu."

Shangazi Hanh alikipokea, akakipeleka mdomoni. Harufu ikamfikia. Alikunja uso, akakitua mezani, na mbele ya wageni wote akainamisha kichwa.

Chupa zote zilimwagwa. Daktari Thao akaenda nyumba kwa nyumba kuwaonya waliozinunua. Shangazi alimpelekea Bach uji wa kuku, akaomba radhi. Bibi Mui aliupokea uji, lakini hakumkaribisha kiti.

Wiki ile Diep alikwenda zahanati kumwona Bach akiruhusiwa kurudi nyumbani. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena.

"Daktari," alisema, "sitaki tena kusikia habari za ule upanga. Huyu anasema wavu, yule anasema mti, huyu anasema ziwa. Wote waongo tu, kama sisi."

Daktari Thao alimpa taulo.

"Kwetu mama alisema wavu, baba akasema mti. Walibishana mpaka chai ikapoa, wala hakuna aliyeumwa tumbo. Hadithi ya zamani hupita vinywa vingi, kila kinywa kikaongeza chake, na anayesikiliza hapotezi kitu. Shangazi yako alijua maji yananuka, akamwambia mgonjwa anywe. Huo si upande mwingine wa hadithi, Diep. Huo ni uongo. Na anayeujua uongo akanyamaza, anaushika kwa mikono miwili na kumpa mwenzake."

Diep aliitazama mikono yake.

"Lakini kinywa kilichonyamaza kinaweza kufunguliwa," daktari alisema. "Chako kilifunguka mtoto akiwa bado hai."